Kiatu Kinauma Wapi, na Kilianza Kuuma Lini?

Mtu akirudi kutoka matembezi marefu huku anachechemea, jambo la kwanza analoambiwa ni kununua viatu vingine. Mara nyingi ushauri huo ni wa pupa. Kiatu kipya kilichochaguliwa kwa kosa lilelile kitaleta maumivu yaleyale, na yako matatizo mengi yanayoisha kwa kufunga kamba upya au kubadilisha soksi tu. Kabla hujatoa pesa, jiulize maswali mawili. Panauma wapi hasa? Na palianza kuuma lini: mwanzoni mwa safari, kwenye mteremko, baada ya kulowa, au asubuhi ya siku iliyofuata? Majibu hayo mawili, ukiyaweka pamoja, mara nyingi yanakuelekeza kwenye chanzo.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili. Unaweza kuruka hadi kwenye ile inayokusumbua, lakini fanya kwanza vipimo vifuatavyo, kwa sababu nitavirejea mara kwa mara.

KABLA YA YOTE: VIPIMO VYA NYUMBANI

Toa soli ya ndani ya kiatu, iweke sakafuni, kisha isimamie kwa uzito wako wote ukiwa umevaa soksi unazotembelea. Kisigino kikae sawasawa nyuma. Sasa tazama mbele: kati ya kidole kirefu kuliko vyote na ncha ya soli panatakiwa pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kidole kirefu si lazima kiwe dole gumba, maana watu wengi wana kidole cha pili kilichokipita. Halafu tazama pembeni. Ikiwa nyama ya mguu imemwagika nje ya ukingo wa soli, kiatu hicho ni chembamba kwako, hata kama namba yake ndiyo unayovaa miaka yote. Nikitakiwa kuchagua kipimo kimoja tu, ningechagua hiki, kwa sababu kinaonyesha kwa macho kile ambacho mguu ukiwa ndani ya kiatu hukioni.

Kipimo cha pili: vaa kiatu bila kufunga kamba, sogeza mguu mbele mpaka vidole viguse ncha, kisha jaribu kupenyeza kidole cha shahada nyuma ya kisigino. Kikipita bila kusukumwa, urefu unatosha. Kisipopita, kiatu ni kifupi. Vikipita viwili, kiatu ni kirefu mno.

Cha tatu ni kukunja. Shika ncha kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, ukunje. Kiatu kizuri hukunjika pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati, chini ya upinde wa unyayo, misuli ya mguu ndiyo itakayofanya kazi ya soli siku nzima.

Pima miguu yote miwili, maana ni nadra kulingana, kisha chagua kwa kufuata ule mkubwa. Pima jioni au baada ya kutembea, kwa kuwa mguu huvimba kadiri siku inavyokwenda. Na usiiamini namba kupita kiasi. Katika namba za Ulaya, kutoka 42 kwenda 43 ni ongezeko la theluthi mbili za sentimita, yaani milimita 6.7 hivi; katika namba za Uingereza, hatua moja ni theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5. Zaidi ya hapo, kila mtengenezaji huunda viatu juu ya kalibu yake mwenyewe, kwa hiyo 42 ya huyu inaweza kukubana na 42 ya yule ikapwaya. Mguu nao haubaki vilevile. Huongezeka urefu na upana kwa umri, na kwa wanawake wengi huongezeka wakati wa ujauzito na usirudi ulivyokuwa.

MALENGELENGE

Hili ndilo tatizo linalowakatisha watu wengi safari, na ndilo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Wengi wanadhani lengelenge hutokea kwa sababu kiatu kimesugua ngozi kwa juu. Msuguano upo, lakini kinacholileta hasa kinatokea ndani. Kila hatua, mifupa ya mguu husogea mbele na nyuma, huku ngozi imeshikwa na soksi na kiatu. Tabaka za ngozi zinavutwa pande mbili, na zikivutwa mara maelfu huachana. Ule uwazi unaobaki hujaa majimaji. Ndiyo sababu unyevu ni adui mkubwa. Ngozi yenye majimaji ya jasho hunata kwenye soksi kuliko ngozi kavu, hivyo huvutwa zaidi.

Mahali lengelenge lilipo panataja chanzo.

Nyuma ya kisigino: kisigino kinapanda na kushuka ndani ya kiatu. Aidha kiatu ni kipana kwa nyuma, au kamba hazikishiki kifundo, au kiatu ni kipya na kigumu kiasi cha kukataa kukunjika na mguu. Anza na kamba, kwa njia ya kitanzi. Ukifika kwenye matundu mawili ya mwisho, pitisha kila kamba kwenye tundu la juu la upande wake huohuo, kutoka nje kwenda ndani, ili pabaki kitanzi kidogo kati ya matundu hayo. Kisha chukua kamba ya kushoto uipenyeze kwenye kitanzi cha kulia, na ya kulia kwenye kitanzi cha kushoto. Vuta zote kuelekea chini, halafu funga kawaida. Lile tundu la ziada kwenye raba nyingi, ambalo watu huliacha tupu maisha yao yote, kazi yake ni hii. Kama baada ya hapo kisigino bado kinacheza, kiatu hakina umbo la mguu wako, na hakuna soksi itakayoficha hilo kwa muda mrefu.

Pembeni mwa dole gumba au kidole kidogo: sehemu ya mbele ni nyembamba. Rudi kwenye kipimo cha soli ya ndani. Usidanganywe kuongeza namba ili upate upana, kwa sababu utapata urefu usiouhitaji na kisigino kitaanza kucheza. Tafuta kiatu cha upana mkubwa zaidi kwa namba ileile. Watengenezaji kadhaa huwa nacho.

Kati ya kidole na kidole: vidole vyenyewe vinasuguana. Soksi zenye vidole, mithili ya glavu, hutatua jambo hili vizuri kuliko plasta yoyote, ingawa sura yake inachekesha.

Chini ya unyayo, pale mbele panapobeba uzito: mguu unateleza mbele na nyuma, au soksi imejikunja, au unyevu umezidi. Soksi ya pamba ndiyo mshukiwa wa kwanza. Pamba hunyonya jasho na kulishikilia, ikalegea na kufanya mikunjo. Soksi ya sufu laini ya kondoo wa merino au ya naironi na nyuzi nyingine za viwandani husukuma unyevu nje au angalau hubaki na umbo lake. Wengine huvaa soksi nyembamba ndani na nene nje ili msuguano utokee kati ya soksi na soksi badala ya soksi na ngozi. Hufanya kazi, mradi kiatu kina nafasi. Kama kinabana tayari, soksi ya pili itaongeza tatizo.

Kabla lengelenge halijatokea, ngozi hutoa taarifa: sehemu inaanza kuchoma. Simama hapo hapo. Si kwenye kivuli kinachofuata, si wenzako watakapopumzika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na dakika tano za kuvua kiatu ni bei ndogo. Kausha, toa mchanga, nyoosha soksi, bandika plasta. Plasta ya kawaida ya karatasi, ile nyembamba ya hospitali, inatosha: utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliochapishwa mwaka 2016, uliofuatilia wakimbiaji wa mbio ndefu za siku kadhaa, uligundua kwamba malengelenge yalipungua kwa asilimia 40 hivi kwenye sehemu zilizobandikwa mapema. Neno lenye uzito hapo ni mapema, kwani plasta hiyo hubandikwa kabla ya safari, mahali unapojua panakusumbua.

Kuna pia wanaopaka dawa ya kuzuia jasho miguuni siku chache kabla ya safari. Jaribio kwa wanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point, Marekani, lililochapishwa mwaka 1998, lilionyesha kuwa waliopaka dawa yenye kloridi ya alumini ya asilimia 20 walipata malengelenge kwa asilimia 21 baada ya mwendo wa kilomita 21, dhidi ya asilimia 48 ya wasiopata dawa. Lakini zaidi ya nusu ya waliopaka waliwashwa ngozi. Kwa maoni yangu faida hiyo haistahili adha yake, isipokuwa kwa mtu mwenye jasho jingi la miguu ambaye ameshajaribu mengine yote.

Lengelenge likishatokea, kama ni dogo na haliumi, liache na ulifunike. Kama ni kubwa na linakuzuia kutembea, nawa mikono, safisha ngozi, choma kwa sindano iliyotakaswa kwenye ukingo wa chini, kamua majimaji polepole, na usiibandue ngozi ya juu. Hiyo ndiyo bendeji bora uliyonayo. Usaha, mistari myekundu inayopanda mguuni, au homa ni dalili za kwenda hospitali. Mwenye kisukari asitoboe kitu chochote mwenyewe. Kisukari huweza kuua hisia za miguu na kuchelewesha kupona, na kidonda kidogo kinaweza kuwa kikubwa bila kusikika.

KUCHA NYEUSI

Kucha ikigeuka nyeusi baada ya matembezi, damu imevia chini yake. Karibu kila mara tatizo lilianza kwenye mteremko: mguu umeteleza mbele na vidole vimegonga ncha ya kiatu, hatua baada ya hatua. Kuna sababu tatu za kuchunguza, kwa mpangilio huu.

Kwanza, kucha zenyewe. Kucha ndefu hugonga hata kwenye kiatu sahihi. Zikate siku mbili au tatu kabla ya safari, kwa mkato ulionyooka, bila kuchimba pembeni.

Pili, kamba. Watu hufunga kamba asubuhi kwenye tambarare na wasiziguse tena. Kabla ya mteremko mrefu, simama, gonga kisigino chini mara mbili ili mguu urudi nyuma, kisha kaza sehemu ya kifundo. Ukitaka vidole viwe huru na kifundo kikazwe, weka fundo la mizunguko miwili pale mguu unapokunjika: badala ya kuzungusha kamba moja juu ya nyingine mara moja, zungusha mara mbili kisha vuta. Msuguano wa mizunguko hiyo hushikilia mkazo, hivyo chini hubaki palegevu na juu pamekaza.

Tatu, na hapo tu, urefu wa kiatu. Kikishindwa kipimo cha kidole nyuma ya kisigino, hakuna dawa. Kiatu hutanuka kidogo kwa upana, hasa cha ngozi, lakini hakirefuki. Anayekuambia kitajirefusha ukikizoea anakuuzia kucha nyeusi. Unapojaribu kiatu dukani, omba sehemu yenye mteremko au shuka ngazi, na upige ncha ya kiatu chini: vidole visiguse mbele.

Damu hiyo huondoka yenyewe kucha inapokua, ingawa kucha ya dole gumba huweza kuchukua mwaka mzima au zaidi kujijenga upya. Ikiwa inadunda kwa maumivu makali, mhudumu wa afya anaweza kutoboa kucha na kutoa damu. Na doa jeusi lililokuja bila kugongwa, au lisilosogea mbele kucha inapokua, si suala la viatu hata kidogo. Lipeleke kwa daktari.

GANZI, AU MOTO MBELE YA UNYAYO

Vidole vikifa ganzi ndani ya nusu saa ya kwanza, legeza kamba za sehemu ya mbele kabla ya kufikiria jambo jingine. Ganzi ya juu ya mguu, pale ulimi wa kiatu unapolala, hutokana na kamba kubonyeza mishipa ya fahamu. Watu wenye mgongo wa mguu ulioinuka huipata sana. Dawa ni kuruka tundu: pale panapouma, usivukishe kamba, zipandishe wima kila moja upande wake hadi tundu linalofuata, kisha endelea kuvukisha. Linabaki dirisha dogo lisilobanwa.

Hisia ya kukanyaga kokoto ambayo haipo, au moto unaopenya kati ya kidole cha tatu na cha nne na kutulia ukivua kiatu, ni ya kuchukulia kwa uzito zaidi. Yawezekana ni uvimbe wa mshipa wa fahamu uitwao neuroma ya Morton, kwa jina la Thomas Morton, daktari wa upasuaji wa Marekani aliyeueleza mwaka 1876. Viatu vyembamba kwa mbele na visigino virefu huuchochea. Kiatu kipana huwapa wengi nafuu, lakini ukikaa wiki kadhaa bila mabadiliko, nenda ukaangaliwe.

KANO YA NYUMA NA KIFUNDO KUBANWA

Hapa sina mengi. Buti refu jipya likibonyeza kano iliyo juu ya kisigino au mfupa wa kifundo, jaribu kuacha tundu la juu kabisa bila kufunga, hasa unapopanda, na uvae buti hilo nyumbani saa chache kwa siku kabla ya safari. Buti la ngozi nene huhitaji wiki kadhaa za kuzoeshwa. Raba ya kitambaa haihitaji kuzoeshwa, kwa hiyo ikikuuma siku ya kwanza itakuuma hata siku ya mia.

MIGUU INALOWA NDANI YA KIATU KISICHOPITISHA MAJI

Malalamiko haya huja na hasira, kwa sababu viatu hivyo ni ghali. Kwanza jua maji yanatoka wapi. Weka karatasi kavu ndani ya kiatu, kisimamishe kwenye beseni lenye maji ya kina cha sentimita mbili tatu, tia kitu kizito ndani, ukiache nusu saa. Karatasi ikitoka kavu, utando wa ndani unaozuia maji haujatoboka, na maji yaliyokulowesha njiani ama yaliingia kwa juu au ni jasho lako mwenyewe.

Utando wa ndani wa viatu hivi, mashuhuri zaidi ukiwa Gore-Tex uliotokana na ugunduzi wa Bob Gore mwaka 1969, una vitundu vidogo mno kwa tone la maji lakini vikubwa vya kutosha kwa mvuke. Ila mvuke hautoki kwa hiari. Husukumwa na tofauti ya joto na unyevu kati ya ndani na nje. Hewa ya nje ikiwa ya joto na nzito kwa unyevu, tofauti hiyo hupungua, na jasho hubaki ndani. Vilevile kitambaa cha nje hupakwa dawa ya kufukuza maji. Dawa ikiisha, kitambaa hunyonya maji, huwa kizito, na mvuke hukosa pa kutokea hata kama utando ni mzima. Utaona maji hayajikusanyi tena kuwa matone juu ya kiatu. Kisafishe tope lote, kisha paka dawa upya.

Ushauri wangu, na najua wengi watapinga: kwa matembezi ya siku moja mahali pa joto, kiatu kinachopitisha hewa na kukauka haraka ni bora kuliko kile kisichopitisha maji. Ukivuka kijito ambacho maji yanazidi kimo cha kiatu, utando unageuka kuwa ndoo: maji yameingia kwa juu na hayana njia ya kutoka. Kwa baridi kali, theluji au nyasi zenye umande kwa saa nyingi, hapo utando una maana yake.

Chanzo chochote kile, ngozi iliyokaa majini kutwa huwa nyeupe, yenye makunyanzi na laini, na huchanika kwa urahisi. Kwenye safari za kulala njiani, tenga soksi moja kavu ya usiku ambayo haitoki hemani hata iweje. Kiatu kikilowa, toa soli ya ndani, jaza magazeti, badilisha magazeti yakilowa, na ukianike kivulini penye upepo. Kamwe usikiweke kando ya moto. Joto hulegeza gundi na kukausha ngozi hadi ipasuke.

UNATELEZA

Uliza unateleza juu ya nini. Kwenye tope, tatizo ni meno ya soli: ama ni mafupi, au yamekaribiana mno hadi tope linakwama katikati na soli kuwa laini kama mkono. Tafuta meno marefu, milimita tano hivi, yenye nafasi pana kati yake. Kwenye mwamba uliolowa ni kinyume: meno marefu yaliyoachana hupunguza eneo la mpira linalogusa jiwe, na kinachokushika ni mpira laini wenye uso mpana. Ndiyo maana hakuna soli moja iliyo bora kila mahali, na mpira unaoshika vizuri zaidi huwa ndio unaoisha haraka.

Soli za mpira zenye meno zina historia ya huzuni. Mwaka 1935 marafiki sita wa mpanda milima Vitale Bramani walifariki katika milima ya Alps ya Italia, na vifaa duni vya miguuni vilichangia. Bramani akatengeneza soli ya mpira yenye meno na kuiandikishia hataza mwaka 1937; jina Vibram limetokana na jina lake.

Kama kiatu kilikuwa kinashika na sasa hakishiki, tazama meno chini ya dole gumba na kwenye ukingo wa kisigino. Yakiwa yamelainika hapo, soli imemaliza kazi hata kama katikati inaonekana mpya. Kisigino kulika zaidi upande wa nje ni kawaida kwa watu wengi, kwa hiyo usiogope. Tofauti kubwa kati ya mguu wa kulia na wa kushoto ndiyo ya kuuliza.

Mara nyingine kiatu hakina kosa lolote. Majani yaliyolowa, mizizi iliyobanduka gome na mbao zenye ukungu huteleza kwa kila soli. Fupisha hatua, weka unyayo wote chini.

KIFUNDO KINAPINDA

Jibu linalotolewa siku zote ni buti refu. Mimi siliamini kikamilifu. Shingo laini ya kitambaa inayofika juu ya kifundo huzuia kokoto na michubuko, lakini haina nguvu ya kuzuia uzito wa mwili unaopinda. Kwa hilo buti linatakiwa liwe gumu kweli, na ugumu huo una gharama yake. Kabla ya urefu wa shingo, angalia unene wa soli. Kadiri unavyosimama juu zaidi ya ardhi, ndivyo mguu unavyopinda kwa urahisi ukikanyaga jiwe, na raba nyingi za siku hizi zina soli nene sana. Soli pana, isiyonyongeka kama kitambaa, yenye kisigino kilichoshikwa barabara, husaidia kuliko shingo ndefu iliyo laini.

Angalia pia muda. Kifundo kinachopinda kila mara mwishoni mwa siku kinakuambia kuhusu uchovu. Mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, pumziko, na fimbo ya kutembelea vitafanya kazi kuliko duka la viatu. Aliyewahi kuteguka vibaya, au anayebeba mzigo mzito kwenye mawe yaliyolegea, ana sababu nzuri ya kuchagua buti gumu.

MIGUU MIZITO KABLA YA NUSU YA SAFARI

Pima viatu vyako kwenye mizani. Vipimo vya matumizi ya nguvu mwilini vinaonyesha kwamba uzito uliofungwa miguuni humchosha mtembeaji mara nne hadi sita kuliko uzito huohuo ukibebwa mgongoni, kwa sababu unainuliwa na kurushwa mbele kila hatua. Buti la ngozi la gramu 800 na raba ya gramu 350 vina tofauti ambayo mapaja huihisi kufikia mchana. Mwaka 1955 Emma Gatewood, bibi wa miaka 67, alitembea Njia ya Appalachian nchini Marekani kutoka mwanzo hadi mwisho, zaidi ya kilomita 3,000, akiwa na raba za turubai na mfuko begani. Alimaliza jozi kadhaa njiani, na simshauri mtu amwige kwa turubai. Lakini anayedai kwamba njia nyepesi yenye mkoba mdogo haiendeki bila mabuti mazito, amjibu yule bibi kwanza.

MAUMIVU YA ASUBUHI YA PILI

Kisigino kikichoma kwa hatua za kwanza ukitoka kitandani, kisha kulegea ukitembea, huenda utando mnene wa chini ya unyayo umechokozwa. Soli ya kati, yaani lile tabaka la kupunguza mshindo lililo kati ya soli ya ndani na soli ya chini, ikibonyea ni mchangiaji mmoja. Ibonyeze kwa kidole gumba: ikiwa ngumu, yenye mikunjo isiyorudi, haikingi tena. Soli ya ndani yenye kushikilia upinde, kunyoosha misuli ya nyuma ya mguu, na kupunguza umbali kwa wiki kadhaa huwasaidia wengi.

Goti linalouma kwenye mteremko ni habari nyingine. Hapo viatu hulaumiwa bure. Fimbo mbili, hatua fupi na mzigo mwepesi ndizo za kujaribu kwanza.

SOLI IMEBANDUKA AU INASAGIKA KAMA UNGA

Hili huwashangaza watu kwa sababu huvipata viatu vilivyotunzwa. Vilikaa kabatini miaka, vinaonekana vipya, na katika saa ya pili ya safari soli yote inabaki njiani. Soli ya kati ya viatu vingi imara ni poliyurethani, aina ya plastiki, na poliyurethani huvunjwa polepole na unyevu wa hewa, kivae usikivae. Joto na unyevu huharakisha. Sanduku lililofungwa na mfuko wa nailoni ni mahali pabaya pa kuviweka. Viatu vinavyovaliwa mara kwa mara mara nyingi hudumu kuliko vilivyofichwa kwa ajili ya safari maalumu. Soli ya EVA, ile nyepesi ya raba nyingi, haisagiki namna hiyo. Yenyewe hubonyea na kufa kwa kutumika.

Kiatu cha zamani kilichokaa muda mrefu kikague kabla ya kuondoka: kikunje kwa nguvu mara nyingi, bonyeza soli ya kati kwa ukucha, tazama nyufa za nywele pembeni na unga unaobaki mkononi. Ukiona chochote katika hivyo, usiende nacho mbali. Ikiwa tatizo ni gundi tu na soli yenyewe ni nzima, fundi mzuri ataibandika upya, na buti la ngozi lililoshonwa linaweza kubadilishiwa soli zaidi ya mara moja. Iliyogeuka unga haibandikiki, kwa sababu gundi haina pa kushika.

Soli ikibanduka ukiwa katikati ya njia, usiing'oe. Zungusha mkanda wa gundi imara au kamba chini ya kiatu, mbele ya kisigino na tena nyuma ya vidole, ukifunga fundo juu ya mgongo wa mguu ambako halikanyagwi. Kagua kila nusu saa kwa sababu mawe yataikata kamba, na beba mita mbili za ziada, maana kama viatu ni vya umri mmoja, soli ya pili itafuata siku hiyohiyo.